Usimwite Kipaji, Mlipe

Kuna neno moja ningependa lipigwe marufuku Kakamega, kuanzia Lurambi hadi Khayega, angalau kwa misimu miwili. Neno lenyewe ni "kipaji."

Usinicheke. Hesabu tu ni mara ngapi umelisikia. Mwanasiasa akija Bukhungu kukabidhi jezi, atasema Magharibi ni kiwanda cha vipaji. Mtangazaji wa redio atarudia. Mwalimu wa michezo, mchungaji, mjomba aliyelewa matangani, wote watakuambia kwamba hapa kwetu vipaji vimejaa hadi vinamwagika. Na ni kweli watoto wa hapa wanajua mpira. Green Commandos wa Kakamega School na Scorpions wa Musingu wamelisha ligi yetu wachezaji kwa miaka mingi. Hilo sibishani nalo. Ninabishana na kazi ambayo neno hili linafanyishwa. Kipaji ni kitu ulichopewa bure, na kitu ulichopewa bure, watu hawaoni haya kukuomba ukitoe bure.

Nina binamu ambaye ni kipa. Ana miaka 31 na amechezea timu nane katika miaka 12. Nyumbani hakuna anayetumia jina lake tena. Hata senje yangu, aliyemzaa, humwita Kipa, kwa hivyo nami nitamwita hivyo. Humjui. Hajawahi kuitwa Harambee Stars, na ukimtafuta kwenye intaneti utapata jina lake limeandikwa vibaya kwenye orodha ya wachezaji wa akiba.

Msimu mmoja alikuja Bukhungu na timu ya wageni. Nilikaa nyuma ya goli lake. Watu wa upande ule walikuwa wanamjua tangu shule, na walimkaribisha vile tunavyojua kukaribisha: "Wewe bado unazunguka tu? Timu ya ngapi hiyo?" Akainua mkono, akacheka, akamwagia glavu zake maji ya chupa. Dakika ya sitini na kitu ikapigwa kona. Akatoka kudaka, beki wake mwenyewe akamgonga begani, mpira ukapita juu ya vidole, bao. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu, na karanga zake mkononi, akatoa hukumu kabla mpira haujarudishwa kati: "Huyo ameuza."

Mimi nilijua kitu ambacho yule mzee hakujua. Kipa alikuwa hajaona mshahara kwa miezi minne. Glavu alizovaa aliazima kwa kijana wa timu ya vijana kwa sababu zake sponji ya kiganja ilikuwa imeisha. Nilitaka nigeuke nimwambie: mzee, kama huyu ameuza, basi mnunuzi naye hajalipa.

Sikugeuka. Ndiyo maana naandika.

*

Wacha nikueleze kazi ya mtu kama Kipa, kwa sababu naona wengi tunaitazama bila kuiona.

Kila timu ina goli moja na makipa watatu. Straika akikaa benchi anaweza kuingizwa dakika ya 70 na akafunga. Kipa namba mbili anaingia mwenzake akiumia au akipewa kadi nyekundu. Kwa hivyo anafanya mazoezi kama mtu atakayecheza kesho, wiki baada ya wiki, akijua hatacheza kesho. Siku akiitwa, hakuna kuanza polepole. Mpira wa kwanza unaweza kuwa penalti.

Halafu anahama. Akifika timu mpya, siku tatu za kwanza Kipa hasemi sana, anasoma watu. Beki gani hasikii vizuri upande wa kushoto. Nani akikaripiwa ananuna na nani akikaripiwa anaamka. Kiwanja gani kina kilima kidogo kwenye boksi kinachorusha mpira usoni. Kufikia Jumamosi awe anaweza kupanga ukuta wa watu waliomfahamu Jumatano. Akishaelewana nao, msimu unaisha, au pesa zinaisha, na anafunga begi tena. Kiwanja cha nyasi mwezi huu, murram mwezi ujao. Ana alama kwenye nyonga zote mbili ambazo hazijawahi kupona kabisa, kwa sababu kila zikitaka kupona anaruka tena.

Hiyo ndiyo tunaita kuzungukazunguka. Fundi wa mawe akijenga Kisumu, kisha Eldoret, kisha Bungoma, tunasema ana kazi nyingi. Dereva wa lori akibadilisha makampuni matano tunasema ana uzoefu. Kipa akibadilisha timu tano tunasema ameshindwa. Na anayesema hivyo hana swali moja tu la kuuliza: alitoka kwa nini? Timu tano kati ya zile nane, Kipa alitoka kwa sababu pesa hazikuwa zinaingia.

*

Kuna mchezo mmoja wa Wamarekani, besiboli, ambao mimi naujua kwa sababu ya kukaa na bando usiku bila la maana la kufanya. Kwenye besiboli kuna mtu anaitwa mdakaji. Anachuchumaa nyuma ya anayepiga, amejifunga kinga kifuani na wavu usoni, anadaka mpira unaokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu. Ni yeye peke yake anayeutazama uwanja wote kutoka mbele, ni yeye anayemwelekeza mrushaji arushe nini. Kwa ufupi, ni kipa.

Na mchezo huo una wadakaji wa kuhamahama. Erik Kratz alichukuliwa na Toronto Blue Jays mwaka 2002, akakaa ligi za chini miaka minane, akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 2010 akiwa na miaka 30. Aliendelea kuhama timu hadi alipostaafu mwaka 2020, akiwa na 40. Hakuwahi kuwa nyota. Lakini kule, mchezaji akifikisha siku 43 tu kwenye kikosi cha ligi kuu, anahesabiwa kwenye pensheni. Siku 43! Kipa ana miaka 12 na pensheni yake ni senje.

Kabla hujaniambia "hao ni Wamarekani, wana pesa," sikiliza vizuri. Wale walio kwenye ligi za chini huko huko Marekani walilipwa vibaya kwa miaka mingi, na waliambiwa maneno yale yale tunayoambiwa sisi: vumilia, hii ni ndoto, una kipaji, siku yako itafika. Kilichobadilisha mambo si huruma. Mwaka 2022 waliingia kwenye chama cha wafanyakazi, na mwaka 2023 wakapata mkataba wa kwanza wa pamoja. Mshahara wa chini kwenye daraja lililo chini kidogo tu ya ligi kuu ukapanda kutoka dola 17,500 kwa mwaka hadi dola 35,800. Vipaji vyao havikuongezeka mara mbili kati ya 2022 na 2023. Waliacha tu kuitwa vipaji, wakaanza kuitwa wafanyakazi.

Karibu na sisi kuna Dennis Kasumba wa Uganda, naye ni mdakaji. Pengine umeona video zake: kijana kwenye vumbi, anafanya mazoezi na matairi na vifaa vya kujitengenezea, anadaka na kurusha, anadaka na kurusha. Mwaka 2023 zilimfikisha Maryland, kwenye timu ya Frederick Keys, ligi ya wanaotafuta kusajiliwa. Sote tulisambaza zile video. Na tuliandika nini chini yake? "Talent." "Kipaji cha Afrika." Manze, umetazama mtu akifanya kitu kimoja mara mia tano hadi miguu inatetemeka, na bado unaamini ulichokiona ni zawadi alizaliwa nayo?

*

Turudi nyumbani, maana ndiko kunakouma.

Zamani kidogo, mpira wa Magharibi ulikuwa na mahali pa mtu kama Kipa. Mumias Sugar ilikuwa na timu. Pan Paper ya Webuye ilikuwa na timu. Mchezaji wa timu ya kiwanda alikuwa na njia ya kuingia kwenye orodha ya mshahara kama watu wengine. Pan Paper ikaanguka mwaka 2009. Mumias ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Tulililia miwa, tukalilia karatasi, lakini sikusikia mtu akimlilia kipa namba mbili wa kiwanda. Leo ukitaka mshahara wa uhakika kwenye ligi, ndoto yako ni kusajiliwa na timu ya taasisi: polisi, jeshi, benki, bandari. Si kwa sababu huko mpira ni mtamu zaidi. Ni kwa sababu mwisho wa mwezi unafika kwa kila mtu siku moja.

Waliobaki wanaishi kwa wadhamini, na wadhamini wetu ni kama mvua ya Januari. SuperSport iliondoka mwaka 2017. SportPesa ikaja, ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. BetKing ilitangazwa mwaka 2020 kwa mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2, na mwaka uliofuata ikawa imeshatoka. Kisha serikali ikavunja uongozi wa shirikisho Novemba 2021, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Katikati ya vurugu hizo Kakamega Homeboyz walimaliza msimu wa 2021/22 na pointi 63, sawa na Tusker, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mji huu ulilia siku ile, nami nililia. Lakini fikiria wale wachezaji wa ligi nzima waliocheza mechi 34 bila kujua nani anaongoza shirikisho.

Na serikali yetu ikikumbuka wachezaji, inawakumbuka vipi? Kwa zawadi. Agosti 2025, wakati wa CHAN, Rais aliahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila ushindi. Vijana wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa watu kumi, Byrne Omondi golini, na nchi nzima ikarukaruka, mimi nikiwemo, kwenye kibanda cha Amalemba ambako nilimwagiwa soda na mtu nisiyemjua. Sina ubaya na ile milioni. Walistahili hata mbili. Ninachosema ni kwamba zawadi ni ndugu wa kipaji. Zawadi hutolewa na mkubwa akifurahi, mbele ya kamera. Mshahara hutolewa hata ukifungwa tatu bila, hata mkubwa akiwa amenuna. Nchi inayojua kutoa zawadi na haijui kulipa mshahara inafuga wachezaji kama tunavyofuga fahali wa kupigana. Akishinda Malinya tunamwimbia hadi Shinyalu. Akivunjika pembe, tunajua anakoenda.

*

Sasa tuseme lile jambo ambalo mtu wa mpira akilisikia anaangalia chini.

Ndiyo, mechi zinauzwa. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliochezea Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo, mmoja wao maisha. Timu ya nyumbani, si ya mbali. Na Machi 2025 shirikisho lilimsimamisha Patrick Matasi kwa siku 90 likichunguza madai ya aina hiyo hiyo. Matasi, kipa aliyedaka penalti tatu Machakos tulipochukua CECAFA mbele ya Zanzibar Desemba 2017. Aliyeokoa penalti ya Sadio Mané kule Misri mwaka 2019. AFC Leopards, Posta Rangers, Tusker, Saint George ya Ethiopia, Police, Homeboyz: huo ni mzunguko wa kipa wa kuhamahama aliyefika juu kabisa. Yeye alikana, na mimi si hakimu. Kesi yake siiamui hapa.

Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona siku ile. Madai yalikuwa na saa chache tu, na tayari kwenye magrupu ya WhatsApp kila kipa aliyewahi kufungwa bao la kizembe alikuwa amehukumiwa naye. Kipa wangu alitumiwa picha na watu waliosoma naye, na emoji za kucheka. "Na wewe ulichukua ngapi?" Alikuwa amelala kwa senje, goti limefura, anasubiri pesa za matibabu ambazo timu ilisema itatuma wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa ya sita.

Anayeuza mechi ni mwizi. Anamwibia mwenzake aliyekimbia dakika 90, anamwibia shabiki aliyetembea kutoka Shirere kwa miguu kuokoa nauli ya boda. Afungiwe. Lakini wewe kiongozi wa timu unayemweka mtu miezi mitano bila senti, kisha unamwita kwenye semina ya maadili na kumpa chai na mandazi, unafikiri mpangaji matokeo anaingilia wapi? Anaingilia pale pale ulipotoka. Yeye hana shida ya kulipa kwa wakati. Wengi wa kina Kipa wanakataa. Hakuna anayewapa medali kwa kukataa, wala hakuna anayejua walikataa, kwa sababu mtu hajigambi kwamba alifuatwa. Wanakataa, wanafungwa bao la kona, na mzee wa karanga anasema wameuza.

*

Najua majibu. Nimeyasikia yote, mengine mezani kwa senje.

"Hakuna pesa kwenye ligi." Sawa. Basi usisajili wachezaji 35 kwa ahadi, sajili 22 kwa mshahara. Kama una pesa za miezi sita, andika mkataba wa miezi sita. Mtu wa kuhamahama haogopi mkataba mfupi, hiyo ndiyo maisha yake. Anachoogopa ni mkataba mrefu wa uongo. Tena sheria ipo: kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema mchezaji akidai mishahara ya miezi miwili, anaweza kutoa notisi ya maandishi ya siku 15, na asipolipwa anavunja mkataba kwa haki. Gor Mahia na AFC Leopards, vigogo wenyewe, wamewahi kufungiwa usajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji. Kwa hivyo mlango upo. KEFWA, chama cha wachezaji, kipo. Lakini nani anamwambia kijana wa miaka 19 kutoka Ikolomani kwamba karatasi anayotia sahihi ina haki ndani yake? Anaambiwa ana kipaji. Anapewa kalamu.

"Angesoma." Hili ndilo huniwasha zaidi, kwa sababu limewahi kurushwa kwangu pia. Mimi nilisoma. Nilifika mwaka wa tatu wa chuo kabla karo kunishinda, nikarudi Kakamega na begi moja na laptopu isiyokaa na chaji. Sasa naandika. Naandikia huyu, naandikia yule, timu nane kama binamu yangu. Nina ankara moja inayokaribia kusherehekea mwaka mmoja. Na kila wiki kuna mtu ananipigia: "Bro, una kipaji cha kuandika, si utusaidie na kaspichi hivi?" Tusaidie. Hakuna anayempigia fundi wa choo na kumwambia ana kipaji cha mabomba. Fundi wa choo huulizwa: ni ngapi?

"Apumzike basi, atafute kazi ya maana." Nilimwambia Kipa maneno hayo mimi mwenyewe, na ninajuta. Ilikuwa jioni, tumekaa nje, amelaza mguu kwenye kiti cha plastiki. Tulikuwa tumetoka kufungua grupu la mchango wa goti lake. Shilingi mia, mia mbili, na wengi wanaoandika "pole sana kaka" bila kutuma. Nikamwambia: si uache tu? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. Akasema, "Mimi si ati natafuta kazi. Hii ndiyo kazi. Ninaijua. Shida si kazi, shida ni wenye kulipa."

Nimelizungusha kichwani tangu siku hiyo na sijapata pa kulipinga.

*

Kwa hivyo hili ni ombi kwako unayesoma, wewe mwenye jezi ya Homeboyz au ya Ingwe kabatini. Oktoba 2018 tuliandaa Mashujaa Day hapa hapa Bukhungu, bendi, ndege, hotuba. Shujaa ni neno lingine zuri, na lenyewe halilipi kodi ya nyumba. Ukienda uwanjani Jumapili, kabla hujauliza nani anaanza, uliza timu imelipwa mwezi gani mara ya mwisho. Muulize mwenyekiti kwenye ukurasa wa timu, pale anapoweka picha za jezi mpya. Uliza kwa sauti, kama unavyouliza refa ana macho. Shabiki wa Kenya anaweza kumfukuza kocha kwa wiki mbili za kelele. Hajawahi kujaribu kelele hizo kwa ajili ya mshahara wa mtu.

Goti la Kipa limepona nusu. Timu ya tisa imempigia, ya daraja la chini, mji wa mbali. Walianza kama kawaida: kaka, tumesikia una kipaji, tunajenga timu ya vijana, tunataka mtu mzima golini. Nilikuwa karibu, simu ikiwa kwenye spika. Akawaacha wamalize. Kisha akauliza, kwa upole sana, sauti ile ile anayotumia kupanga ukuta:

"Ni ngapi, na ni tarehe ngapi?"

Kimya. Halafu yule mtu akasema atapiga tena.

Bado tunasubiri simu. Senje anasema Kipa amekuwa na kiburi. Mimi nasema ni mara ya kwanza katika miaka 12 nimemwona akiongea kama fundi.